Je, mtumishi wa serikali Marekani analindwa akitetea mazingira?

Ndugu, umeuliza kama analindwa. Kisheria, ndiyo: ipo sheria ya 1989 inayomlinda anayefichua maovu au hatari kwa umma, na akilipiziwa kisasi anaweza kulalamika kwenye ofisi maalumu ya serikali. Ila tazama yaliyomkuta Miguel Del Toral wa EPA, shirika la mazingira. Juni 2015 aliandika waraka kuhusu madini ya risasi kwenye maji ya mji wa Flint, Michigan, uliokuwa ukichota maji kutoka Mto Flint. Bomba la nyumba moja lilitoa zaidi ya sehemu 13,000 kwa bilioni. Wakati huo hatua zilianza kuchukuliwa kwa 15 tu! Waraka ulipovuja, mkuu wa kanda wa EPA alimwomba radhi meya wa mji, na watoto wakaendelea kupewa maji ya mto ule hadi Oktoba. Hilo linaniuma mpaka leo.