Kitendawili cha kwenda angani: redio ya upepo inafika wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naongoza wageni Kilimanjaro. Binti yangu wa darasa la sita ameniagiza nikifika kileleni niwategee viumbe wa sayari nyingine kitendawili kwa redio yetu ya upepo, VHF (masafa ya juu sana) ya wati 5. Ameshakichagua: "Nyumba yangu haina mlango." Je, mawimbi yatafika, au yanaishia mawinguni? (Kiongozi wa watalii, Moshi)

JIBU: Marahaba. Hayaishii mawinguni. VHF hupenya anga na kwenda zake, tofauti na masafa mafupi ya zile redio za wazee, ambayo tabaka la juu huyarudisha chini. Tabu ni kutawanyika: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo.

Chukua Voyager 1, chombo cha anga kisicho na mtu. Kiko kilomita bilioni 25 hivi, kinatuma kwa wati kama 23, na NASA, shirika la anga la Marekani, bado wanakisikia. Lakini kina dishi la mita 3.7 linalotuelekea, na huku wanakitegea dishi la mita 70. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi baada ya Jua, iko mbali mara 1,600 kuliko hapo; nguvu inapungua mara milioni mbili na nusu. Wewe una antena ya kidole inayomwaga mawimbi ovyo. Kitendawili kitazama kwenye kelele za mawimbi mengine.

Kileleni hakusaidii kitu: mita 5,895 mbele ya kilomita trilioni 40! Tena kuielekea nyota hiyo kutoka Moshi, mlima unaupa mgongo. Iko kusini, jirani na Msalaba wa Kusini. Na masafa yenu ni ya kazi, msiyazibe wakati kuna mgonjwa anashushwa.

Tuseme kimefika. Ukisema "Kitendawili!" leo, "Tega!" yao inarudi baada ya miaka 8 na nusu, binti yuko chuo. Ndipo utege, na "yai" usubiri miaka 8 na nusu mingine.

Utani huu si wenu peke yenu. Mwaka 2008 tangazo la Doritos, vitafunwa vya pakiti, lilirushwa kutoka Svalbard, Norwei, kuelekea nyota 47 Ursae Majoris. Heri kitendawili.

Ila Kiswahili hawakijui, kwa hiyo dawa ni picha. Novemba 16, 1974, dishi la mita 305 la Arecibo, Puerto Rico, lilirusha angani alama 1,679 za aina mbili tu. Kwa nini 1,679? Kwa sababu ni 23 mara 73, haigawanyiki vingine. Ukizipanga hivyo, inatokea picha: mtu, Jua na sayari zake, dishi lenyewe.

Hilo binti analiweza mkekani. Achore nyumba isiyo na mlango kwenye visanduku 35, upana 5, urefu 7. Kisanduku cheusi ni harage, kitupu ni punje ya hindi. Kisha azipange zote mstari mmoja, safu baada ya safu kuanzia juu, na kuwaita binamu zake, bila kuwadokeza. Wakikata saba saba na kuzipanga safu, vurugu tupu. Wakikata tano tano, nyumba hiyo. Mkimaliza, vyote sufuriani, makande.