Rituksimabu kwa MS: vipimo kwanza, dripu baadaye

SWALI: Dada yangu ana maltipo sklerosisi (MS), ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Daktari amemwandikia rituksimabu, lakini karatasi ya dawa inataja saratani na baridi yabisi, MS haimo. Tukubali? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kubalini, dawa ni nzuri. Haikusajiliwa kwa MS, ila utafiti upo. Huko Sweden wagonjwa 200 waligawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa 2022: ndani ya miaka 2, waliopata shambulio jipya walikuwa asilimia 3 kwa rituksimabu na 16 kwa vidonge vya dimethili fumarati, dawa nyingine ya MS. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS.

Pa kukazania ni vipimo, hasa vya homa ya ini B. HBsAg, kipimo cha kirusi kilichopo kwenye damu, peke yake haitoshi. Aliyewahi kuugua akapona huonekana hana kitu, kumbe kirusi kimejificha ndani ya ini. Rituksimabu huondoa seli B, chembe za kinga zinazosaidia kukidhibiti. Kikiamka, ini laweza kufeli kabisa. Daini na anti-HBc, kipimo kinachoonyesha kama aliwahi kuambukizwa. Ikiwa chanya, aanze dawa ya kuzuia kirusi kabla ya dripu, aendelee nayo angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho. Apimwe pia kifua kikuu, VVU, mimba na kiwango cha IgG (kingamwili za damu). Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai: kama anaihitaji, achanjwe angalau wiki 4 kabla ya dripu.

Dripu ya kwanza huenda polepole. Koo likimwasha au ngozi ikimtambaa, amwambie muuguzi papo hapo, asivumilie. Mara nyingi kupunguza kasi kunatosha.

SWALI: Nina MS. Nikipika kwa mkaa adhuhuri jicho huingia ukungu, nikipoa naona vizuri. Ninywe steroidi, zile dawa za kutuliza shambulio la MS? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Mwili ukipata joto hata kidogo, neva iliyopoteza utando hushindwa kupitisha ujumbe. Pika asubuhi, funga kitambaa chenye maji shingoni. Shambulio halisi hudumu zaidi ya saa 24, bila homa wala maambukizi. Dalili zikizidi saa hizo, pima mkojo kwanza, maana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) huweza kuamsha dalili za zamani, na steroidi huipa UTI nafasi ya kuenea. Lakini jicho likiuma unapoligeuza na rangi nyekundu ikififia, nenda hospitali siku hiyohiyo.