Kabla Hujafuta Jibu, Toa Kwanza

Nilipoanza kalkulasi, kifutio changu kiliisha kabla ya penseli. Nafanya swali, nafunua majibu nyuma ya kitabu, nakuta kitu kingine kabisa, nafuta. Swali lililonitesa zaidi lilikuwa fupi: intigrali ya 2 sin x cos x, yaani utafute kitu ambacho derivativu yake (kasi yake ya kubadilika) ni hiyo. Nilipata sin²x. Kitabu kilisema −½ cos 2x. Nikarudia mara tatu, sin²x ileile, nikaanza kuamini kichwa changu kigumu. Mwenzangu niliyekuwa nasoma naye alipata −cos²x, wala hakushtuka.

Yeye ndiye aliyeniambia: toa jibu moja kwenye jingine, uone kinachobaki. Langu ukitoa lake ni sin²x + cos²x, yaani 1. Langu ukitoa la kitabu inabaki ½. Hakuna x popote! Ile C, namba yoyote isiyobadilika, tuliyokuwa tukiibandika mwishoni mwa intigrali kwa mazoea tu ndiyo inayomeza hiyo 1 na hiyo ½. Sote tulikuwa tumepata.

Wakati mwingine ukitoa unapata fujo isiyorahisishika. Hapo nachukua kikokotoo, nakiweka kwenye radiani (kipimo cha pembe cha kalkulasi, badala ya digrii), naingiza namba mbili tatu zenye sura mbaya. Siamini 0 wala 1, maana hata x² na x³ zinalingana hapo. Kwa x = 0.7, jibu langu ni 0.415 na la kitabu −0.085, kwa 2.3 ni 0.556 na 0.056. Tofauti ni 0.5 mara zote mbili. Hiyo ni dalili nzuri, ila bado si uthibitisho. Ukitaka uhakika, tafuta derivativu ya jibu lako: ikirudi kuwa swali lenyewe, umemaliza, na kitabu hukihitaji tena.

Kama swali lilitaka derivativu, au intigrali yenye mipaka, hakuna C ya kukuokoa. Tofauti lazima iwe 0 kamili.

Kuna mtego mmoja ulionitia aibu. Intigrali ya 1/(1 + x²): mmoja kaandika arctan x (kinyume cha tan), mwingine −arctan(1/x). Nilijaribu x = 2, tofauti ikawa 1.5708. Nikajaribu −2, ikawa −1.5708. Tofauti imebadilika, nikatangaza kwa sauti kwamba mmoja kakosea. Kumbe derivativu zao ni zilezile. Jibu la pili halina thamani kwenye x = 0, limekatika hapo, na kila upande wa mkato una C yake: π/2 kulia, −π/2 kushoto. Siku hizi natazama kwanza jibu linakatikia wapi, ndipo nachagua namba za kujaribia, mbili za upande huu na mbili za ule.