Swali: Nimefundishwa kukaa kimya na kuhesabu pumzi ili nipunguze msongo wa mawazo. Je, ni shirki?

Swali

Assalaam alaykum, Sheikh wetu. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza vitenge Birere, hapa Goma. Tangu vita ilipoingia mjini Januari 2025 na mabenki kufunga milango, biashara imelala. Nilishapokea zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, sasa kutoa kunanishinda. Usiku silali, na moyo unanipiga kama mtu anayekimbia ingawa nimekaa. Kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu walitukusanya akina mama, wakatufundisha kufumba macho, kuhesabu pumzi na kuangalia mawazo yakipita bila kuyafuata. Wanaiita meditasyoni. Kusema kweli ilinisaidia kidogo. Lakini mume wangu amenikataza, anasema ni ibada ya Mabudha na ni shirki. Halafu mwenzangu mmoja wa msikitini akaniambia kwamba mwenye imani ya kweli hapatwi na msongo wa mawazo. Je, nimekosea? Na zile siku zangu ambazo sisali, nijitulize kwa nini?

Jibu

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na maneno ya huyo mwenzako, kwa sababu naona ndiyo yaliyokuumiza kuliko mengine. Si kweli. Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika juu ya mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikusema imani yake ilipungua. Alisema tu: "Mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu" (Yusuf, 86). Mama yake Musa, alipomweka mtoto mtoni, moyo wake ulibaki mtupu. Na Mtume wetu (s.a.w.), mbora wa viumbe, aliambiwa na Mola wake: "Na hakika Sisi tunajua kwamba kifua chako kinabanwa kwa hayo wayasemayo" (Al-Hijr, 97). Kifua kubanwa, dada yangu, ni hicho hicho unachokisikia wewe usiku. Mwenyezi Mungu hakumkaripia kwa hilo. Alimwambia kwamba anajua, kisha katika aya inayofuata akampa dawa: amtakase Mola wake na awe miongoni mwa wanaosujudu. Iweke akilini dawa hiyo, nitairudia.

Sasa mumeo. Usimwone mbaya, analinda mlango wa nyumba yake, na mlango huo unastahili kulindwa. Tena ana haki katika nusu ya maneno yake. Mazoezi haya kweli yana asili ya Kibudha. Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa baolojia aliyejifunza kutafakari kwa walimu wa Kibudha, mwaka 1979 alianzisha darasa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ambayo madaktari walishindwa kuyaondoa. Aliacha sanamu, ubani na nyimbo za hekaluni, akabakiza pumzi, mwili, na kule kuangalia mawazo yakipita. Kutoka hapo likaenea mahospitalini duniani, na leo limefika mpaka kwenye kituo chenu cha afya.

Lakini asili ya jambo peke yake haitoi hukumu. Wanazuoni wetu wanatenganisha ibada na mambo ya kawaida ya maisha. Katika ibada hatuongezi kitu bila dalili. Katika mambo ya kawaida kila kitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Kuvuta pumzi polepole ni jambo la mwili. Ukiitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, neva ishukayo kutoka ubongoni hadi moyoni inapunguza mapigo. Iko hivyo kwa Mbudha, kwa Mkristo na kwa Mwislamu, kama vile maji yanavyokata kiu ya kila mtu. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, makabila yalipokuja kuizingira Madina, Salman Al-Farisi alitoa shauri la kuchimba handaki, mbinu ya kwao Uajemi, ambako watu walikuwa wakiabudu moto. Mtume (s.a.w.) hakusema handaki ni la waabudu moto. Alichimba pamoja na Masahaba mpaka vumbi likaifunika ngozi ya tumbo lake.

Kwa hiyo hukumu ni hii: zoezi ulilolieleza linaruhusiwa, na hukufanya shirki. Linakuwa haramu pale mwalimu anapokutaka utamke majina ya miungu, uinamie sanamu, au uamini kwamba nafsi yako inayeyuka na kuwa kitu kimoja na ulimwengu. Wala usilifanye kwa kutarajia thawabu kama za ibada. Ukiona lolote kati ya hayo, inuka uondoke.

Kuhusu kuangalia mawazo yakipita bila kuyafuata, wengi wanadhani kila wazo baya linaloingia kichwani ni dhambi, wanapigana nalo, na kadiri wanavyopigana nalo ndivyo linavyonenepa. Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zinanong'ona, maadamu hawakuyatenda wala kuyasema. Wazo la saa nane za usiku kwamba watoto watakufa njaa si dhambi yako wala si utabiri. Liache lipite. Matendo na maneno yetu, hayo ndiyo tunayohesabiwa.

Jambo moja naomba ubadilishe: macho. Katika mji huu wako watu wengi ambao wakifumba macho tu, wanaona. Wanaona barabara ya siku ile, wanasikia milio. Hata wanaofundisha mazoezi haya wanajua kwamba kwa mtu aliyepitia makubwa, kufumba macho kunaweza kumzidishia hofu. Ukiona picha zinarudi, yafumbue, uyatue mahali pamoja chini mbele yako. Na hapo, dada yangu, utakuwa umerudi kwenye sala bila kujua, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusali: macho wazi, yametua pale ambapo paji la uso litasujudu.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe zaidi.

Mtu mmoja aliingia msikitini, akasali haraka haraka, akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Akamwambia: "Rudi ukasali, kwani hujasali." Akarudi, akasali vile vile. Mara tatu akarudishwa. Mwishowe akasema, naapa kwa aliyekutuma na haki, sijui vizuri zaidi ya hivi, nifundishe. Akamfundisha: urukuu mpaka utulie katika rukuu, uinuke mpaka usimame sawa, usujudu mpaka utulie katika sijda, ukae mpaka utulie katika kikao. Neno la Kiarabu alilolitumia kwa huko kutulia kwa viungo, tunaloliita tumaanina katika vitabu vya fiqhi, lina mzizi uleule wa lile lililo katika aya ambayo kila mmoja wetu anaijua, Ar-Ra'd, 28: "Jueni kuwa kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia." Neno ni moja kwa mifupa na kwa moyo. Sisi tunaudai utulivu wa moyo na huku mifupa tumeinyima wake mara tano kwa siku.

Nililijua hili kwenye vitabu, lakini nilifundishwa Sake, mji mdogo ulio magharibi ya Goma. Mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ardhi haikuacha kutikisika, na tarehe 27 ikatoka amri kwamba mitaa 10 ya mji ihame. Unaikumbuka barabara ile: magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zimebeba wazee na bidoni za maji. Alfajiri iliyofuata niliwasalisha watu kama thelathini juu ya turubai. Katika rakaa ya kwanza ardhi ikatikisika, nikaogopa, nikaikimbiza sala mpaka mwisho. Nilipotoa salamu, mzee mmoja mwenye asili ya Kasongo, aliyekuwa amekalia jiwe kwa sababu magoti yalimshinda, akaniambia kwa upole: "Sheikh, umetusalisha kama watu wanaofukuzwa. Kufukuzwa tumeshafukuzwa. Kwa Mungu tulitaka kupumzika."

Sikuwa na la kumjibu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwambia Bilal: "Tupumzishe kwayo," akiikusudia sala, na mimi nilikuwa nimewanyima watu wale mapumziko pekee waliyokuwa nayo. Adhuhuri nikasalisha tena. Katika rukuu nilingoja mpaka nikasikia kiuno kimekaa mahali pake. Katika sijda ardhi ikatikisika chini ya paji la uso wangu, nikaisikia kupitia turubai, nami nikabaki pale pale nikisema Subhana Rabbiyal A'laa, polepole, mpaka ikapita. Sitakudanganya kwamba usiku ule nililala vizuri. Ila mikono iliacha kutetemeka, na nikaweza kula.

Basi fanya hivi, uanze na sala moja tu kwa siku. Adhuhuri inafaa, hapo nyuma ya meza yako ya vitenge. Kabla ya takbira, simama kidogo mpaka miguu yote miwili iibebe sawa uzito wako. Mgongo ukilala katika rukuu, usiseme kitu kwanza. Ngoja viungo virudi mahali pake. Kisha sema Subhana Rabbiyal Adhim, na kila moja uitoe na pumzi yake, bila kuibana. Ukiinuka, usishuke hapo hapo. Kile kisimamo kati ya rukuu na sijda ndicho tunachokiiba zaidi. Mawazo ya wateja na ya deni yatakuja. Yakija, rudi kwenye neno lililo mdomoni mwako, bila kujilaumu. Yakija mara ishirini, rudi mara ishirini. Mafunzo ya pumzi uliyoyapata hayatapotea, kwa maana yamekuzoesha kurudi. Tofauti ni kwamba kule ulikuwa unarudi kwenye pumzi, na huku unarudi kwa Aliyekupa pumzi, naye anakusikia.

Lakini pumzi hailipi deni, na sitaki nikupe utulivu wa kukunyamazisha. Anas (r.a.) anasimulia kwamba dua hii Mtume (s.a.w.) alikuwa akiisema sana: "Ewe Mwenyezi Mungu, najikinga Kwako na hofu ya yajayo na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubahili na woga, na uzito wa deni na kuonewa na watu." Angalia jinsi ilivyopangwa: inaanza na msongo wa moyo, inamalizia na deni na kuonewa. Mtume (s.a.w.) hakuuchukua moyo kama kitu kinachoelea peke yake, alijua unabanwa na nini. Kwa hiyo nenda kwa akina mama wa likelemba kabla hawajakufuata, uwaambie hali yako ilivyo. Qur'ani inasema mwenye kudaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa (Al-Baqara, 280), na aya hiyo nawaambia na wao, kama kuna mmoja wao anayesoma hapa. Wenye madeni wametajwa pia kati ya mafungu manane ya Zaka (At-Tawba, 60). Uje na mumeo mseme na wanaoshughulikia Zaka msikitini kwenu. Si kuombaomba, ni fungu lililotajwa kwa ajili ya watu wa hali yenu. Na moyo ukiendelea kukimbia hata ukiwa umekaa, umwone daktari aupime. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu.

Sasa siku ambazo husali. Hedhi inakuzuia kusali na kufunga, haikuzuii kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Tasbihi, istighfari, kumswalia Mtume na dua zote ni zako siku hizo kama siku nyingine, na sijui mwanazuoni anayelipinga hilo. Nakuchagulia moja. Fatima (r.a.), binti wa Mtume, alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe la mkono mpaka viganja vikamuuma. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Usiku, wao wakiwa wameshalala, Mtume (s.a.w.) akaja, akaketi kati yake na Ali (r.a.), na Ali anasema alisikia ubaridi wa miguu ya Mtume. Akawaambia kuna lililo bora kwenu kuliko mtumishi: mkipanda kitandani semeni Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Ali alisema hakuiacha tena, na alipoulizwa, hata usiku wa Siffin? akajibu, hata usiku wa Siffin, na huo ulikuwa usiku wa vita.

Keti kwenye ukingo wa kitanda, au kwenye mkeka wako wa sala ukitaka, hata kama leo husali. Hesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, kila kidole na pumzi yake, macho wazi au yamefumbwa, upendavyo. Ukipotea katika hesabu, anza pale unapokumbuka. Na mumeo akikuuliza unafanya nini, mwambie akae naye ahesabu. Tasbihi hii, mara ya kwanza walifundishwa mume na mke pamoja.

Wallahu a'lam.