Kwa anayekuja Hash mara ya kwanza: sauti yako ni muhimu kuliko mbio zako

Wageni wengi hufika kwenye Hash, mchezo wa kundi wa kukimbia kwa kufuata njia iliyowekewa alama, wakiwa na saa ya kupima mwendo mkononi, na swali lao la kwanza ni kilomita ngapi. Nawaelewa, maana nami nilikuja hivyo hivyo. Ila katika Hash anayejua urefu wa njia ni sungura peke yake, yaani yule aliyeitengeneza njia, na sungura hasemi. Miezi yangu ya mwanzo niliimaliza nikikimbia mbele peke yangu, nikidhani ndiko kujua mchezo. Nakuandikia ili wewe usiipoteze.

Mchezo wenyewe ulianzia Kuala Lumpur mwaka 1938, Malaya ikiwa bado chini ya Waingereza. Albert Gispert na wenzake waliufufua mchezo wa zamani: mmoja anatangulia akidondosha vipande vya karatasi, wengine wanamsaka. Hash House lilikuwa jina la utani la mahali walipokuwa wakila, kwa jinsi chakula chake kilivyochosha. Gispert aliuawa vitani Singapore mwaka 1942, na waliosalia wakakusanyika tena vita vilipokwisha. Mwaka 1950 waliandika malengo ya chama kwa ajili ya usajili, na mojawapo lilikuwa kuwashawishi wanachama wenye umri mkubwa kwamba si wazee kama wanavyojihisi. Mimi naliona hilo kuwa ndilo moyo wa mambo yote, kwa sababu njia yenyewe hutengenezwa kwa namna ya kulitimiza.

Iko hivi. Sungura huweka matone ya unga chini, kwenye mawe, kwenye mizizi, nasi tunayafuata. Ghafla unakuta duara la unga: hiyo ni cheki, na hapo njia imekatika. Inaweza kuendelea upande wowote. Wenye mbio ndio wanaofika kwanza, kwa hiyo ndio wanaotawanyika kutafuta. Mmoja anakuta tone la kwanza, la pili, kisha alama ya kumwambia kwamba amedanganywa, arudi alikotoka. Wakati anarudi, wa nyuma wanafika. Sungura aliyeijua kazi yake huwafanya wepesi wakimbie karibu mara mbili ya wengine, na bado wote wakaingia mwisho kwa kupishana dakika chache.

Nakumbuka cheki moja kando ya kijito. Watano tulikuwa tumepanda mteremko na kurudi tukihema, hatuna kitu. Akafika mama mmoja mwenye goti bovu, anatembea kwa fimbo. Sisi tulikuwa tumeinamia ardhi; yeye aliinua macho. Ng'ambo ya maji, kwenye shina la mti, usawa wa bega, palikuwa na unga kidogo uliopakwa kwa dole gumba. Akaita "On-On!", yaani njia ni hii, kwa sauti iliyojaa bonde zima, akavuka, nasi tukamfuata nyuma kama vifaranga. Siku ile ndipo nilipouelewa mchezo.

Kwa hiyo jifunze kuita. Ukihakikisha uko kwenye njia ya kweli, sema "On-On" kwa nguvu, na useme tena baada ya muda. Idadi ya alama zinazothibitisha njia hutofautiana kutoka kundi hadi kundi, basi sikiliza vizuri maelezo ya chaki kabla ya kuanza. Wakongwe watachora alama zote mbele yako, na hakuna anayemcheka mgeni anayeuliza. Ukisikia "Are you?" kutoka nyuma, yaani wanauliza kama uko kwenye njia, jibu, hata kama jibu ni kwamba bado unatafuta. Mara moja niliipata njia nikanyamaza, nikaendelea zangu. Watu saba walipotelea upande mwingine wakafika giza likiingia. Hawakunigombeza. Mmoja alisema tu, "Hatukukusikia," na neno hilo bado ninalo.

Tena, cheki ikishatatuliwa, pitisha kiatu kwenye lile duara la unga upande ambao njia imekwenda. Ni kazi ya sekunde mbili, na humwokoa anayekuja peke yake.

Baada ya mbio kuna duara lingine, la watu. Hapo utaitwa mbele kama mgeni, utaimbiwa, utapewa kikombe cha down-down, kinywaji cha kunywa kwa mkupuo mmoja. Huhitaji kunywa pombe. Sema unataka maji, utapewa maji na wimbo ni ule ule. Usichomaliza unajimwagia kichwani. Usije na viatu vipya, kwa sababu desturi ni kunywea humo. Jina la utani hulichagui wewe, na hupewi siku ya kwanza. Watu husubiri mpaka wakujue. Mengine ni ya matusi kidogo. Hapa nina msimamo: ukipewa jina linalokuumiza, liseme siku hiyo hiyo. Kundi lenye utu litakubadilishia, na lisilokubadilishia halistahili Jumamosi zako.

Usikae muda mrefu kabla ya kuwa sungura. Baada ya mbio tano au sita omba kutengeneza njia pamoja na mkongwe. Beba unga zaidi ya unaodhani utatosha, na mvua ikitishia ongeza chaki kwenye mashina na mawe yaliyojikinga, maana unga ukilowa haudumu. Waarifu wenye mashamba na wakazi mapema. Mtu akikuta unga mweupe njiani bila maelezo ana haki ya kuogopa. Hesabu watu kabla hawajaondoka, na mpe mtu mwenye subira kazi ya kufunga msafara.

Kisha kasimame mwisho wa njia usikilize. Kwanza utasikia "On-On" ya mbali, hujui ni ya nani. Halafu nyingine upande wa pili, zinajibizana, zinasogea. Mimi huwa naanza kuhesabu vichwa vinapotokea vichakani, na siketi mpaka yule anayefunga msafara aniinulie mkono.