Mlio wa "tik" kwenye breki za mbele: yaliyonipata hapa Moshi

Ndugu yangu, umeeleza kwamba gari lako linatoa mlio wa "tik" upande wa mbele unapokanyaga breki, na kwamba fundi amekuagiza ununue pedi mpya (vipande vinavyobana) na diski mpya (sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi). Kabla hujatoa fedha, chunguza kwanza jambo moja: je, mlio huo unatokea mara moja tu unapokanyaga, au unajirudia kadiri tairi linavyozunguka? Mimi nilichelewa kujiuliza hivyo, nikanunua seti ya pili ya pedi na bol jointi (kiungo kinachoshikilia tairi la mbele) ambayo haikuwa na hitilafu yoyote.

Mlio wangu ulianza siku chache baada ya kubadilishiwa pedi za mbele katika gereji moja ya mjini. Kila asubuhi nilikuwa nikiteremka kutoka Kibosho, njia ambayo mguu hautoki kwenye breki, na cha ajabu mteremko wote ulikuwa kimya. Mlio ulisikika nilipotoka uani kinyumenyume, nikaingiza gia ya kwenda mbele, kisha nikakanyaga breki kwa mara ya kwanza. Nilipokanyaga tena bila kubadili mwelekeo, sikusikia kitu.

Jaribu hivyo hivyo mahali tambarare. Mlio ukija kila unapobadili mwelekeo na kunyamaza baada ya hapo, ujue pedi inacheza ndani ya kishikio chake, kwa kuwa diski inayozunguka kwenda mbele huisukuma hadi igonge ukingo mmoja, na ikizunguka kurudi nyuma huipeleka ukingo wa pili. Pedi lazima iwe na nafasi ndogo ili iteleze, lakini vipo vibati vyembamba vya chuma vinavyokaa kwenye masikio yake, yaani ncha zake mbili, na kuibana isigonge. Fundi mmoja mzee, baada ya kuvua tairi, aliishika pedi yangu kwa vidole viwili akaitikisa juu na chini, nayo ikatoa mlio ule ule niliousaka kwa wiki kadhaa. Vibati havikuwepo. Aliyefunga pedi mpya alikuwa amevitupa pamoja na zile kuukuu, na mahali vilipopaswa kukaa palikuwa pameng'aa kwa kugongwa. Mzee alisugua kutu kwa brashi ya waya, akapachika vibati vipya, akapaka grisi ya breki inayostahimili joto kwenye masikio na kwenye pini za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), akihakikisha hata tone moja haligusi diski wala uso wa pedi. Mlio ukaisha siku hiyo hiyo.

Kuhusu diski, fundi wako huenda ana hoja endapo ilichongwa kwa mashine hivi karibuni na kuachwa na michirizi inayozunguka kama ya skrubu, kwa sababu pedi huifuata michirizi hiyo kisha huruka kurudi mahali pake, na hapo ndipo inapolia. Pitisha ukucha juu ya diski iliyopoa, utaihisi.

Mlio unaojirudia kwa mzunguko wa tairi ni habari nyingine. Anza kwa kukaza nati za tairi, ambazo wengi huzidharau. Sisi tunaopita barabara za changarawe hupata pia kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, ambacho hutolewa kwa dakika chache. Ukiusikia unapokata kona huku umekanyaga mafuta, bila kugusa breki, kagua jointi ya ekseli ya mbele. Mlio mfupi wa mara moja mara tu gari linapoanza kutembea baada ya kuwashwa, kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki), mara nyingi ni mfumo huo unaojikagua, hivyo usikusumbue.

Gari likiwa juu ya jeki, jaribu pia bolti za kalipa. Ukikuta moja imelegea, usiliendeshe gari hata kwa nia ya kulipeleka gereji. Mwite fundi alifuate hapo lilipo.