Taa ya nyuma inapepesa pamoja na indiketa: anza na ethi

Kaka, kwa ulivyoeleza pikipiki yako, ukiwasha indiketa taa ya nyuma nayo inapepesa, honi inakoroma na starta inagonga "ta" tu, usikimbilie kununua betri. Hiyo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chasisi na injini. Pikipiki ya zamani inayolala nje huku Raskazone, Tanga, chumvi ya bahari inaila polepole.

Weka mita kwenye volti za DC, 20. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza starta. Ikizidi volti 0.5, njia ya kurudi ni mbovu. Rudia kwenye chuma kinachoshika taa ya nyuma, taa ikiwa imewashwa. Hapo hata 0.3 ni nyingi. Gusa pia kebo ya klachi: ikipata moto wakati wa kustati, umeme wa starta unapita humo.

Fungua waya wa hasi ya betri kwanza. Piga msasa bolti, taminali na chasisi mpaka ving'ae. Rangi haipitishi umeme, na mafundi wengi husahau hilo. Kaza, ndipo upake grisi juu. Waya ukiwa na ukijani ndani, kata mpaka ukutane na shaba safi. Madigadi ikiwa na kutu, vuta waya mpya toka taa hadi chasisi.

Usiongeze ukubwa wa fyuzi. Betri ikisoma zaidi ya volti 15 ukivuta akseli, zima, mpelekee fundi umeme aangalie rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri.